Dakika 24 za miaka bilioni 4.6: kuielewa albamu ya Nightwish kuhusu mageuko ya viumbe

Sauti ya kwanza unayoisikia kwenye albamu hii sio ya mwimbaji. Ni mzee wa Kiingereza anaongea taratibu kabisa, anasema faraja ya kweli kabisa iko kwenye kuelewa, afu ndo magitaa na okestra vinashuka kwa pamoja kama mvua ya masika juu ya bati. Mzee mwenyewe ni Richard Dawkins, mwanabiolojia, na kama hukujua, huyu alizaliwa Nairobi mwaka 1941, baba yake akiwa ameletwa Kenya na vita, yuko kwenye jeshi la KAR, lile wazee wetu walikuwa wanaliita keya.

Bendi ni Nightwish, inatoka Kitee, kamji kadogo mashariki mwa Ufini karibu na mpaka wa Urusi. Albamu inaitwa Endless Forms Most Beautiful, ilitoka tarehe 27 Machi 2015, ina nyimbo 11 na inakaribia dakika 80. Nimekaa nayo miaka mingi na bado kila nikiirudia kuna kitu nakikuta, ndo maana nimeona niifungue hapa kidogo kidogo, sababu naona inaeleweka vibaya pande mbili. Kuna wanaosema ni hadithi ya mageuko kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, na kuna wanaosema ni mihadhara ya Dawkins imewekewa magitaa. Yote mawili sio.

Tuanze na bendi yenyewe maana bila hiyo albamu haiwezi kueleweka. Nightwish ilianzishwa 1996 na Tuomas Holopainen, mpiga kinanda, na yeye ndo anayetunga karibu kila kitu, maneno na muziki, lakini anayesimama mbele na kuimba ni mwanamke. Kwa mtu aliyekulia na taarab hapa hamna cha kushangaa, tumezoea kuona fidla zimepangwa nyuma, kanuni, akodiani, halafu mbele anasimama mama mmoja anaimba maneno ambayo pengine yameandikwa na mshairi aliyekaa kimya pembeni. Muundo ni ule ule ila hapa badala ya kanuni kuna gitaa la umeme linalounguruma, drami mbili za miguu zinakimbia kama treni, na juu yake okestra kamili na kwaya. Wenyewe wanaita metali ya simfoni, wengine wanasema roki ya simfoni, mi sigombanii jina. Ninachogombania ni ile tabia ya kuziita bendi zote za namna hii "bendi za wanawake" kana kwamba mwimbaji kuwa mwanamke ni aina ya muziki, mbona bendi zenye mwanaume mbele hatuzipi jina lake?

Waimbaji wamebadilika. Tarja Turunen, yule wa sauti ya opera, aliondolewa Oktoba 2005. Akaja Anette Olzon kuanzia 2007, akaondoka Oktoba 2012 katikati ya ziara, na Floor Jansen wa Uholanzi akaitwa haraka haraka kuja kuokoa jahazi, akapanda jukwaani akiwa na siku chache tu za kujifunza nyimbo. Jahazi likafika na yeye akabaki. Kwahiyo Endless Forms ndo albamu ya kwanza ya studio ya Floor na hawa jamaa, na hiki ni kitu kikubwa sana kwa hii mada, sababu Tuomas sasa alikuwa na mtu anayeweza kuimba opera, kuimba kwa upole kama anamlaza mtoto, kupiga sauti ya roki ya kifuani, na hata kunguruma ikibidi. Ukitaka kusimulia historia ya uhai kuanzia mawe yanayeyuka mpaka mtu anaandika mashairi, unahitaji koo la aina hiyo. Albamu hii pia ndo ya kwanza kwa Troy Donockley kama mwanabendi kamili, yule Mwingereza anayepuliza filimbi na zumari la mfuko la Kiayalandi, na kwenye drami alikaa Kai Hahto sababu mpiga drami wao wa siku zote, Jukka Nevalainen, alikuwa anaumwa ugonjwa wa kukosa usingizi.

Sasa tuje kwenye hili neno albamu ya dhana. Watu wakilisikia wanafikiri lazima kuwe na kisa, kuna mhusika, anaondoka nyumbani, anapata shida, anarudi. Mi naona njia rahisi ya kulielewa kwa Kiswahili ni kutofautisha diwani na utenzi. Diwani ni mashairi mengi ya mtu mmoja yamekusanywa, kila moja linajitegemea japo unaweza ukasikia roho moja inapita humo ndani. Utenzi ni jambo moja linasimuliwa beti kwa beti mpaka liishe. Albamu nyingi za dhana zinajaribu kuwa utenzi. Hii sio hivo, hii ni diwani ya nyimbo kumi halafu mwishoni kabisa umebandikwa utenzi mmoja wa dakika 24. Ukilijua hilo mapema hautahangaika kutafuta uhusiano wa kisayansi kwenye kila wimbo. Edema Ruh imetoka kwenye riwaya za kubuni za Patrick Rothfuss. My Walden ni ya Thoreau, mwandishi wa Kimarekani, na maisha ya porini. The Eyes of Sharbat Gula haina hata mashairi, jina ni la yule binti wa Afghanistan mwenye macho ya kijani aliyepigwa picha na Steve McCurry 1984, na picha ikatoka kwenye jalada la National Geographic 1985. Nzuri, inaumiza, lakini haina mageuko humo ndani, na kusema ukweli mi naona inapunguza kasi pale ilipowekwa, mlangoni kabisa mwa wimbo mkubwa.

Basi ni nini kinachoziunganisha? Hapa ndo kuna fundo lenyewe.

Kuna malalamiko ya zamani sana kwamba sayansi inaua uzuri wa vitu. Mshairi John Keats, kwenye shairi lake Lamia lililochapishwa 1820, analalamika kwamba falsafa, yaani sayansi kwa lugha ya zama zile, inaufumua upinde wa mvua, ukishajua kwamba ni mwanga umevunjika ndani ya matone ya maji basi ule ushairi umekwisha, na lawama zilikuwa zinamwendea mwanafizikia Newton. Mwaka 1998 Dawkins aliandika kitabu kizima kulijibu hilo, Unweaving the Rainbow, akisema hapana, ukijua ndo unashangaa zaidi. Na hiki kitabu ndo kiko chini ya albamu hii kama msingi wa nyumba. Maneno mengi anayoyasoma Dawkins humo ndani yametoka kwenye kitabu hicho. Hata jina la wimbo wa kwanza, Shudder Before the Beautiful, yaani kutetemeka mbele ya uzuri, limetoka kwa mwanafizikia Subrahmanyan Chandrasekhar, mzaliwa wa Lahore aliyepata Nobel 1983. Yeye alikuwa anazungumzia hesabu za Roy Kerr za 1963 kuhusu mashimo meusi yanayozunguka, kwamba mtu amekaa na kalamu na karatasi anatafuta hesabu iliyo nzuri, halafu inakuja kugundulika kwamba huko mbinguni kuna vitu vikubwa ajabu vinaitii hesabu ile ile aliyoiandika, na Chandrasekhar anasema mbele ya jambo kama hilo mtu anatetemeka.

Kwahiyo albamu hii haisimulii sayansi, inasimulia ile tetemeko. Ndo maana Thoreau anaweza kukaa humo, ndo maana wimbo wa wazazi wanaozeeka, Our Decades in the Sun, unaweza kukaa humo bila kuvunja chochote. Ni hisia moja inazungushwa na kutazamwa kila upande.

Sayansi yenyewe ipo wapi basi? Ipo kwenye jina la albamu, wimbo wenye jina hilo hilo, na ule utenzi wa mwisho. Jina limechukuliwa kwenye sentensi ya mwisho kabisa ya kitabu cha Charles Darwin kuhusu chimbuko la spishi, kilichotoka tarehe 24 Novemba 1859, pale anaposema kwamba kutoka mwanzo mdogo namna ile, maumbo yasiyo na mwisho, mazuri na ya ajabu, yamegeuka na bado yanageuka. Kwenye chapa ya kwanza ya kile kitabu neno la kugeuka linatokea mara moja tu, na ndo neno la mwisho la kitabu. Amekaa kurasa karibu mia tano analizunguka halafu analiweka pale mwisho.

Kwenye wimbo wenyewe anatajwa Tiktaalik, kiumbe ambacho mabaki yake yalipatikana 2004 kwenye kisiwa cha Ellesmere kaskazini kabisa ya Kanada na kina Neil Shubin wakamtangaza 2006. Aliishi miaka kama milioni 375 iliyopita, samaki mwenye magamba lakini ana shingo, na ndani ya mapezi yake kuna mifupa iliyopangika kama bega, kiwiko na kifundo cha mkono. Sijui kama unanielewa, mkono wako huo unaoshikia simu sasa hivi mpangilio wake umeanzia kwenye pezi la namna ile. Afu anatajwa kirukanjia aliyenusurika, maana dinosaria wakubwa walipofutika miaka milioni 66 iliyopita waliovuka upande wa pili ni pamoja na vijinyama vidogo vya aina hiyo, na sisi tunatokana na hivyo.

Na hapa ngoja niseme jambo moja ambalo tangu darasa la nne linatusumbua, lile swali la kwanini nyani wa leo hawageuki kuwa watu. Swali linatokana na kuona mageuko kama ngazi, nyani yuko chini, mtu yuko juu, kila mtu anapanda. Sio ngazi, ni mti, au kwa lugha yetu ni ukoo. Binamu yako hawezi kugeuka kuwa wewe, hata akisubiri miaka mia, mmetokana na babu mmoja na kila mmoja ameshika njia yake. Nyani wa leo ni binamu, hajachelewa kokote. Albamu hii hili imelipatia vizuri sana, viumbe wanaotajwa humo wanatajwa kama ndugu, hamna anayechekwa kwamba yuko nyuma.

Haya, tuingie kwenye The Greatest Show on Earth, dakika 24, jina limeazimwa kwenye kitabu kingine cha Dawkins cha 2009. Umegawanywa sehemu tano. Ya kwanza inaitwa Four Point Six, nne nukta sita, yaani miaka bilioni 4.6 ambayo ni umri wa jua na familia yake, dunia yenyewe ni bilioni 4.54 hivi. Inaanza na kinanda peke yake, pole pole, okestra inakusanyika kama mawingu, okestra hii na kwaya vilirekodiwa London na mpangaji wake ni Pip Williams, halafu Floor anaingia na ile sauti ya opera anaimba alfajiri ya kwanza ya dunia ambayo bado haina mtu wa kuiona. Mi hapo kila mara nanyamaza.

Sehemu ya pili, Life, ndo uhai unaanza, na hapa kuna maneno mawili yanawapita watu. La kwanza ni Goldilocks zone, ule ukanda wa kuzunguka nyota ambao sio karibu sana maji yakachemka yakaisha, sio mbali sana yakaganda yote, dunia yetu iko humo. La pili ni LUCA, ni ufupisho wa jina la kitaalamu la mzazi wa mwisho ambaye viumbe vyote vilivyo hai leo wanamchangia, wewe, muembe, bakteria wa kwenye mtindi, wote. Sasa makosa ya kawaida ni kudhani LUCA ni kiumbe cha kwanza duniani. Hapana. Rudi kwenye ukoo, yule babu mnayemtaja kwenye matambiko kwamba ndo mmetoka kwake sio mtu wa kwanza kuzaliwa, alikuwa na baba yake, alikuwa na majirani, ila majirani wale vizazi vyao vilikatika na vya kwake vikabaki. LUCA ni hivo hivo. Alikuwa na majirani. Wimbo unamkaribisha kama mgeni rasmi anaingia ukumbini, na ukishajua ni nani, ile sehemu inabadilika kabisa.

Sehemu ya tatu, The Toolmaker, mtengeneza zana, kabla haijafika unasikia sauti za wanyama na ngoma, halafu inakuja mistari ambayo mi kama mtu wa huku siwezi kuisikia nikiwa nimekaa vizuri. Wanaimbwa wasafiri wa mkono stadi waliotoka Afrika, anatajwa Lucy mdogo wa Afar. Huyo wa mkono stadi naona wazi ni Homo habilis, ambaye mabaki yake yalitoka Olduvai, hapo Ngorongoro, kuanzia 1960, na jina alipewa 1964 na Louis Leakey na wenzake wawili, maana yake ndo hiyo hiyo mtu mwenye mkono hodari. Lucy ni mifupa ya jamaa wa kale wa binadamu, alipatikana Hadar, huko Afar, Ethiopia, tarehe 24 Novemba 1974, tarehe ile ile ya kitabu cha Darwin, miaka 115 baadae, imetokea tu. Ana miaka kama milioni 3.2. Usiku ule kambini walikuwa wanapiga wimbo wa Beatles wenye jina la Lucy ndani yake, ndo akapewa jina, Wahabeshi wao wanamwita Dinknesh, wewe ni wa ajabu. Kwahiyo mifupa ilipata jina kutoka kwenye wimbo na miaka 41 baadae ikarudi kwenye wimbo mwingine.

Lakini kuna kitu wimbo hausemi na mi nataka kiandikwe. Ile spishi ya Lucy inapoelezwa kisayansi, kielelezo chake rasmi, yaani yule ambaye wengine wote wanalinganishwa naye, sio Lucy. Ni taya la chini kutoka Laetoli, Tanzania, namba yake LH 4, aliliokota Maundu Muluila kwenye timu ya Mary Leakey mwaka huo huo 1974. Na nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.66, wengi wanaamini ni za watu wa spishi hiyo hiyo, wanatembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua. Wafini wamemuimba wa Afar, sawa, ana jina zuri la kuimbika, LH 4 haiimbiki.

Sasa nikakaa nikapiga hesabu. Dakika 24 ni sekunde 1,440. Ukigawa miaka bilioni 4.6 kwa sekunde hizo kila sekunde moja inabeba miaka kama milioni 3.2. Umeona? Huo ndo umri wa Lucy. Kama wimbo ungefuata vipimo kamili, LUCA angeingia mapema, kwenye dakika ya tatu au ya nne, kisha zingepita dakika nyingi mno za vijidudu tu visivyoonekana kwa macho, Tiktaalik angepanda nchi kavu zikiwa zimebaki dakika mbili, dinosaria wangekwisha zikiwa zimebaki sekunde ishirini na moja, na Lucy angepata sekunde moja ya mwisho. Sisi wenyewe, Homo sapiens, tuna miaka kama laki tatu, hiyo haifiki hata sehemu ya kumi ya sekunde, hata silabi moja Floor hawezi kuimaliza.

Bendi haikufuata vipimo, mtu amepewa sehemu kubwa sana, ngoma na kelele za "tulikuwepo hapa" zinazorudiwa na ukumbi mzima. Kuna watakaosema hilo ni kosa la kisayansi. Mi sidhani, sababu anayesimulia ni mtu na anasimulia kutoka pale aliposimama, na kabla ya wimbo kuisha anaondolewa.

Suala la dini siwezi kuliruka. Weak Fantasy ni wimbo mkali dhidi ya dini, haujifichi, na Dawkins anajulikana dunia nzima kwa kutoamini, na kuna mashabiki wa bendi waliokasirika alipotangazwa. Mi nimelelewa kwenye dini na sijaiacha, na ule wimbo sikubaliani nao, naona umewatupa watu wote kapu moja. Lakini umri wa taya la Laetoli hautegemei mi naabudu wapi, na wale wanaoikwepa albamu yote kwa ajili ya wimbo mmoja wanajinyima vitu vingi. Dawkins mwenyewe aliingia kwa njia ya kawaida kabisa, Tuomas alimwandikia barua ya kumuomba, akakubali, na tarehe 19 Desemba 2015 alipanda jukwaani Wembley Arena, London, akasoma sehemu yake ana kwa ana.

Na wanasayansi nao walirudisha fadhila. Mwaka 2017 kadudu kadogo kanakofanana na mbu, jamii ambayo funza wake wanakaa kwenye uyoga, kaliyopatikana Lapland, kalipewa jina la Sciophila holopaineni na mtafiti wa Kifini Jukka Salmela. Albamu iliyofuata, ya 2020, iliendelea na mambo ya binadamu na maumbile, ila hiyo ina mambo yake mengi, siku nyingine.

Sehemu ya nne na ya tano. Ya nne ni kuelewa, kule kwenye ya tatu walishatajwa Waionia, wale Wagiriki wa pwani ya Uturuki ya leo walioanza kuuliza dunia imetengenezwa na nini bila kuridhika na majibu ya haraka, na sasa Dawkins anasoma kwamba tutakufa na hiyo ndo inatufanya wenye bahati, maana walio wengi hawatakufa kwa sababu hawakuzaliwa kabisa. Ya tano, Sea-Worn Driftwood, gogo lililosuguliwa na bahari, magitaa yamekwisha, ngoma zimekwisha, Floor kanyamaza, anabaki mzee wa Nairobi anasoma maneno ya Darwin, halafu na yeye ananyamaza, inabaki bahari.

Vaa hedifoni usikilize usiku, usiizime bahari ikianza ukidhani wimbo umeisha. Angalia ile saa ya kwenye simu. Zikibaki sekunde ishirini na moja dinosaria wamekwenda, bado maji tu. Ikibaki sekunde moja na kidogo wale wa Laetoli wanakatiza kwenye majivu, na ikibaki moja Lucy anapita.